Mjadala: Maji ya mto wa pamoja yagawanywe kwa mafungu, si kwa ujazo

Wadau, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya. Nchi zinazochangia mto mmoja zikikaa kugawana maji ya kilimo, kila moja iandikiwe ujazo wake usiobadilika, au ipewe fungu la maji yaliyopo msimu huo, yawe mengi au machache? Mimi nasema fungu. Tumeshaumizwa vya kutosha na ujazo ulioandikwa zamani na watu waliodhani mvua haitabadilika.

Chukueni Mto Colorado. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana maji yake kwa hesabu za miaka ambayo mvua na theluji zilizidi kawaida. Ukijumlisha na kiasi walichoahidiwa Meksiko kwa mkataba wa 1944, maji yaliyogawiwa ni takribani mita za ujazo bilioni 20 kwa mwaka. Tangu 2000 mto umekuwa ukileta kama bilioni 15. Bilioni tano zina wenyewe kwenye makaratasi, mtoni hazipo. Anayebeba hasara ni wa mwisho kabisa: miaka mingi Colorado hukauka kabla ya kufika baharini. Lakini tazameni walichofanya wa juu kwenye mto huohuo. Mwaka 1948 majimbo manne ya huko yaliandikiana asilimia: Colorado 51.75, Utah 23, New Mexico 11.25, Wyoming 14. Theluji isipoanguka, hakuna kati yao wa kudai maji ambayo hayakuja.

Nile hesabu yake inauma zaidi. Mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan ulikadiria mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka pale Aswan. Misri ikachukua 55.5, Sudan 18.5, na 10 zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa jua kwenye ziwa la bwawa la Aswan. Jumlisheni wenyewe: ni 84 kamili. Ethiopia, ambayo nyanda zake za juu hutoa takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, haikuachiwa hata tone, wala nchi zinazozunguka Ziwa Victoria. Simlaumu mkulima wa Misri, maana bila mto ule hana shamba. Ila Ethiopia ilipoanza kujenga bwawa lake kubwa mwaka 2011, ugomvi ulikuwa umeshapandwa zamani, kwenye hesabu isiyokuwa na nafasi ya mtu mwingine.

Wakulima wenyewe waliujua ugawaji wa mafungu kitambo. Oman kuna mifereji iitwayo aflaj, na maji yake hugawanywa kwa muda. Zamani mchana walisimamisha kijiti ardhini wakafuata kivuli kikivuka alama moja hadi nyingine, usiku wakatazama nyota. Kivuli kikigusa alama, mlango wa maji wa huyu unazibwa kwa udongo, wa jirani unafunguliwa. Hakuna aliyeahidiwa debe kadhaa za maji. Mwaka wa mvua nusu saa yako inalowesha shamba zima. Mwaka wa ukame nusu saa ileile inafika katikati tu, lakini ya jirani nayo hivyohivyo, na yeye alikuwa amesimama hapo akikitazama kivuli kilekile ulichokuwa unakitazama wewe. Punjab pia, upande wa Pakistani na wa India, wakulima wengi wa mifereji ya bonde la mto Indus wana zamu ya wiki, na saa za kila mtu zinatokana na ukubwa wa shamba lake.

Wapo wanaosema mkulima anahitaji uhakika, hawezi kulima kwa asilimia. Nawaelewa, mbegu hununuliwa kabla ya mvua. Lakini uhakika anaohitaji ni wa kujua mapema. Bonde la Murray-Darling kule Australia haki ya maji ni fungu, na mwanzo wa msimu hutangazwa ni asilimia ngapi ya haki hiyo itatolewa, kisha huongezwa mabwawa yakijaa. Mwenye mpunga akisikia asilimia ni ndogo, anapunguza eneo au anamuuzia maji mwenye mizabibu, ambaye mimea yake ikifa itamchukua miaka kuirudisha. Mkataba wa ujazo unamwambia maji yapo, halafu mfereji unakauka mpunga ukiwa unatoa masuke.

Hoja iliyonisumbua mimi ni nyingine: nchi ya chini iliyo jangwani, isiyo na mvua wala mto mwingine, ukiipa asilimia mwaka wa ukame umeiua. Ni kweli, na kwa hiyo sisemi mafungu matupu. Maji ya kunywa yatangulie nje ya mgao, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya pamoja umeyapa mahitaji ya lazima ya binadamu uzito wa pekee. Kisha kuwe na kiwango cha chini kisichoguswa. Hilo limeshajaribiwa. India na Bangladesh walitia saini mwaka 1996 mkataba wa mto Ganges wa kugawana maji ya kiangazi yanayofika Farakka, banio la India karibu na mpaka wa Bangladesh, kwa vipindi vya siku kumi kumi. Yakiwa futi za ujazo 70,000 kwa sekunde au pungufu, wanagawana nusu kwa nusu. Yakizidi hapo hadi 75,000, Bangladesh inapata 35,000 na India kinachobaki. Yakizidi 75,000, India inachukua 40,000 na Bangladesh kinachobaki. Na kati ya Machi 11 na Mei 10, maji yanapokuwa machache kabisa, kila mmoja anahakikishiwa 35,000 kwa kupokezana vipindi.

Hata hivyo mkataba huo una tundu, na nisingependa tulirithi: unagawa kilichofika Farakka, hauulizi kilichochukuliwa juu yake. Fungu bila vipimo vilivyo wazi kwa wote ni maneno tu. Kila banio na kila bwawa liwe na kipimo ambacho jirani anaweza kukisoma siku hiyohiyo. Tena tuhesabu maji yaliyoishia kwenye mimea na hewani, siyo yaliyoingia mferejini peke yake. Mtu anaweka umwagiliaji wa matone, tunampongeza kwa kuokoa maji, kumbe yale yaliyokuwa yakichuruzika kurudi mtoni amepanulia shamba, na wa chini anapata pungufu ya zamani. Kwenye mkataba wa ujazo hilo halionekani kabisa.

Mkataba wa Ganges ni wa miaka 30, unafika ukomo Desemba 2026, kwa hiyo swali hili lina watu wanaolisubiri sasa hivi. Mnaotetea ujazo, nijibuni moja: mwaka ambao maji hayakufika kiasi kilichoandikwa, ni nani anapunguziwa kwanza, na mmeliandika ukurasa gani?