Dawa ya unyogovu inanilaza mpaka napitiliza steji, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Niko wiki ya 3 kwa amitriptyline, miligramu 25 kila usiku. Kulia ovyo kumepungua, nashukuru, lakini usingizi huu! Juzi nilikuwa nishuke Makadara, makanga akaniamsha Donholm. Mdomo mkavu kama nimelamba unga, na choo... tuyaache, ingawa mapapai nimekula hadi basi.

Mama anasema nitupe dawa niende nikaombewe. Maombi sikatai, ila daktari alinionya nisiache ghafla, na kliniki ni wiki ijayo. Mliowahi kuitumia, huu uzito wa asubuhi ulipungua baada ya muda gani? Nikiimeza saa 2 badala ya saa 5 itasaidia, au nimpigie daktari kwanza? Nauliza kwa sababu kibanda changu sokoni Gikomba hufunguliwa alfajiri.