Johannes van den Bosch: nimweleze vipi kwa wageni wa kahawa?

Mama Kihamba (Kibosho, Moshi)
Salaam wanajukwaa. Natembeza wageni vihambani, mashamba yetu ya nyumbani, kuanzia kuchuma kahawa hadi kutwanga na kukaanga. Waholanzi ni wengi, na tukigusa historia ya kahawa ya Java, kisiwa cha Indonesia kilichokuwa koloni la Uholanzi, jina la Van den Bosch halikwepeki. Alizaliwa Herwijnen mwaka 1780, akaenda Java akiwa ofisa kijana wa jeshi, akapanda hadi kuwa jenerali. Mwaka 1818 alianzisha Frederiksoord kule kwao Uholanzi, makazi ya kilimo kwa familia maskini za mijini. Mwaka 1830 akawa gavana mkuu kule Java, baadaye waziri wa makoloni, na alifariki 1844 akiwa mbunge. Makazi yale sasa ni Urithi wa Dunia. UNESCO iliyaorodhesha 2021.

Mgeni mmoja kaniambia huyo ni baba wa maskini. Nilitazama mibuni iliyotuzunguka nikashindwa kuitikia. Sitaki kumvunjia mgeni heshima, wala sitaki kuficha. Nianzie wapi?

Msomaji wa Njiro (Arusha)
Dada, mema yake yataje. Familia ilipewa nyumba na shamba, na watoto walilazimika kwenda shule miongo mingi kabla ya sheria ya nchi nzima. Ila taja na Veenhuizen, makazi mengine ya mpango huohuo kule Uholanzi, ambako ombaomba walipelekwa kwa nguvu. Aliamini maskini hanyooki bila kusimamiwa, na kwa maoni yangu imani hiyo ndiyo aliyosafiri nayo hadi Java.

Meku wa Uru
Mwanangu, mweleze mgeni hesabu ya mkulima. Kwa mpango wa Van den Bosch, serikali ya kikoloni kule Java ilidai kijiji kitenge sehemu ya tano ya ardhi kwa mazao ya kuuza Ulaya: miwa, nili, kahawa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa; mashambani walidaiwa zaidi. Bei alipanga mnunuzi, na mnunuzi ni serikali yenyewe. Maofisa wa Kiholanzi na watawala wa kienyeji walilipwa asilimia ya mavuno, kwa hiyo kila aliyepaswa kumlinda mkulima alifaidika akimkamua. Njaa ikapiga Cirebon, hukohuko Java, miaka ya 1840, kisha Demak na Grobogan. Faida ikaenda kulipa madeni ya Uholanzi na kujenga reli zao. Hao wa Demak walikuwa maskini pia. Mbona baba yao hakuwaona?

Halafu waoneshe huku. Wazee wetu waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa 1925, kisha KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ikafuata 1933. Mkoloni alikuwepo, na masharti yake yalikuwepo, lakini mkulima alikuwa na mkutano wa kusimama na kuulizia bei. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Kelele zake nilizipenda.

Mama Kihamba
Shikamoo Meku. Nimekuelewa. Nitaanza na Frederiksoord, niende Demak bila kupumzika katikati, ili mgeni asiondoke na nusu ya mtu. Na nitawauliza: kule mnakomuenzi, watoto wenu wanaambiwa habari za Demak? Jumamosi nina kundi. Ukiweza njoo uwasimulie mikutano ya chama, mimi nitatafsiri.

Meku wa Uru
Marahaba. Nitakuja. Usiwaanzishe kukaanga kabla sijafika, maana kahawa ikinukia hakuna atakayesikiliza mambo ya bei.