Mwanangu ameacha kuuliza maswali, naombeni ushauri

Kihesa Yetu: Wakuu, heshima kwenu. Nina binti wa miaka tisa, darasa la nne. Huyu mtoto alikuwa haishi maswali: kwa nini mwezi unatufuata, nani aliamua wiki iwe na siku saba. Siku hizi nikimuuliza "unaonaje?" ananijibu "sijui baba, wewe unasemaje?" Shuleni anaongoza, lakini mimi usingizi sipati. Nifanyeje?

Mama Wawili: Mpe muda. Wangu wa pili alinyamaza hivyohivyo, kumbe jino. Nikakimbia naye hospitali usiku, baba yake kasafiri, yaani we acha tu.

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu. Darasani kwangu wako tisini na kitu, kipindi dakika 40. Na mitihani yenyewe maswali mengi ni A, B, C, D. Hakuna anayemuuliza mtoto kwa nini. Msitutupie lawama zote.

Ngosha wa Ziwani: Mtoa mada hujasema kitu bado. Mtoto hazimiki ghafla kama koroboi. Nini kilitokea?

Kihesa Yetu: Kuna kajambo kadogo. Aliotesha maharage kwenye kopo la siagi, akalifungia kabatini makusudi aone itakuwaje. Yakaota meupe, marefu, yamepinda kuelekea upenyo wa mlango. Alifurahi mno. Wiki hiyohiyo mwalimu akafundisha kwamba mbegu haioti bila mwanga. Binti akanyoosha mkono: "Za kwangu zimeota gizani." Akasimamishwa mbele ya wenzake mpaka kipindi kikaisha, eti kamdhalilisha mwalimu.

Ngosha wa Ziwani: Mtoto yuko sahihi! Mbegu inataka maji, hewa na joto. Chakula cha kuanzia inacho ndani yake, mwanga inauhitaji baadaye. Nenda kaongee na huyo mwalimu kistaarabu.

Kihesa Yetu: Mwalimu ni mama yake. Asingemwadhibu, wangesema anapendelea wa kwake, kwa hiyo simlaumu. Ndiyo maana nimeshalipa nusu ada ya bweni huko Njombe. Akipata mwalimu mwingine atachangamka.

Dada Mkubwa: Bweni la nini? Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne tangu Machi 2023, labda shule iwe na kibali maalumu. Na mama yake anajua umelipa?

Kihesa Yetu: Januari anaingia la tano, sijavunja utaratibu wowote. Mama yake nitamwambia akimaliza kusahihisha mitihani.

Mlugaluga: Ndugu zangu, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba sekondari mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto unaganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Aliuliza tena alipofika sekondari ya Mkwawa, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza nao, na huyu akakubali kwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kumwambia "tujaribu", na mtu huyo awe mama yake. Otesheni makopo mawili, moja dirishani, moja kabatini, mama amwagilie mwenyewe. Bweni halirudishi hilo.

Kunguru Mweusi: Chai hii. Mwezi wa sita uliandika humu hujaoa, leo una mke mwalimu na mtoto wa la nne. Picha ya kopo iko wapi?

Kihesa Yetu: Niliandika hatujafunga ndoa. Mahari nimetoa nusu, tunaishi pamoja miaka yote. Kopo mama yake alilitupa siku ileile.

Mama Wawili: Mahari nusu, ada nusu! Lakini kama alilitupa, basi na yeye lilimuuma. Ongea naye leo hii, kabla hajaiokota risiti mfukoni mwako.

Kunguru Mweusi: Mimi bado siamini.

Mzazi wa Makambako: Mkuu, hiyo nafasi ya Njombe kama utaiacha, nina kijana anaingia la tano. Nicheki PM.