Alicent Kuutoa Mji: Je, House of the Dragon Inamwogopea Rhaenyra Kuwa na Hatia?

Mjadala huu ni wa waliotazama misimu miwili ya kwanza ya House of the Dragon, tamthilia ya televisheni kuhusu ukoo wa kifalme wa Targaryen: ule wa 2022 wenye sehemu 10 na ule wa 2024 wenye sehemu 8. Asiyetaka kudokezewa yaliyo mbele aishie hapa, kwa kuwa nitataja yaliyomo katika Fire & Blood, kitabu cha George R. R. Martin cha mwaka 2018. Hoja yangu ni kwamba waandishi wa tamthilia hii hawataki malkia wao wawili, Rhaenyra aliyeteuliwa na baba yake Mfalme Viserys kurithi ufalme, na Alicent, mjane wa Viserys aliyemtawaza mwanawe Aegon, wawe na hatia, na kusita huko kutawagharimu Rhaenyra atakapokikalia kiti cha enzi.

Tazameni jinsi vita vilivyoanza. Aemond, mwana wa Alicent, hakukusudia kumuua Lucerys, mwana wa Rhaenyra. Ni Vhagar, joka lake, aliyekaidi amri. Alicent naye hakupora ufalme kwa tamaa, bali aliyaelewa vibaya maneno ya Viserys aliyekuwa anakata roho. Hata waliomuua mtoto Jaehaerys, mwana wa Aegon na Helaena binti wa Alicent, walikuwa wametumwa kumtafuta Aemond, wakamkosa, na Rhaenyra hakuwa na habari. Ajali moja ina uzito wake, maana vita vingi huanza kwa upuuzi, lakini zikifuatana hivi wahusika wanabaki abiria tu.

Wanaoitetea tamthilia wana jibu lenye nguvu: kitabu kimeandikwa kama historia, na msimulizi wake ni mwanazuoni anayepima kauli za mashahidi wanaopingana, mmoja wao akiwa Mushroom, mchekeshaji wa ikulu mwenye ulimi mchafu. Kwa hiyo Ryan Condal, kiongozi wa waandishi wa tamthilia, na wenzake wanaweza kusema kuwa wao ndio wanaotuonyesha yaliyotokea hasa. Nakubali, ila mashahidi hao hugombania zaidi nia za watu. Matukio makubwa hawayakani, na matukio hayo yanahitaji chanzo.

Ndiyo sababu Martin mwenyewe alilalamika hadharani Septemba 2024 kuhusu kuondolewa kwa Maelor, mwana mdogo wa Helaena. Kitabuni wauaji wanamlazimisha Helaena achague mwana wa kufa. Anamtaja Maelor, nao wanamuua Jaehaerys, hivyo mama anabaki akiishi na yule aliyemtoa. Baadaye Maelor anauawa, Helaena anajiua, na uvumi kwamba Rhaenyra ndiye aliyeamuru kifo cha Helaena unauwasha mji mzima. Katika tamthilia mnyororo huo umekatwa mwanzoni kabisa.

Badala yake tumepewa Alicent anayekwenda kwa siri Dragonstone, ngome ya Rhaenyra, kuutoa mji mkuu wa King's Landing, na kukubali kwamba bei yake ni kichwa cha mwanawe Aegon, ambaye mshauri wake Larys tayari anamtorosha. Natabiri kwamba Jacaerys, mwana mkubwa wa Rhaenyra, atakufa katika vita vya baharini vya Gullet kama ilivyo kitabuni, kisha majonzi hayo yatabebeshwa kazi yote ya kueleza ukatili wa mama yake. Ingekuwa bora zaidi Rhaenyra aukute mji bila Aegon, aamini kuwa Alicent amemlaghai, na amalizie hasira yake kwa Helaena akiwa na akili zake timamu. (Tumeambiwa pia kwamba Sunfyre, joka la Aegon, amekufa. Mimi siamini, kwa kuwa mwisho wa Rhaenyra kitabuni unamhitaji joka huyo akiwa hai.)

Uwezo wa kuandika hivyo wanao. Katika sehemu ya 7 ya msimu wa 2, Rhaenyra aliwakusanya watoto wa nje wa ukoo wa Targaryen wajaribu kumpanda joka Vermithor, wakaungua wengi mbele ya macho yake, naye akaendelea kwa sababu alihitaji wapanda majoka. Hakuna aliyemlazimisha. Anayeona kwamba Rhaenyra wa tamthilia hii ni mhanga tu wa mambo yaliyomzidi aanze kwa kunieleza tukio hilo.