Kikundi: UKOO WA KIMARA 🏠

Kadogo: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Shikamoo Bibi. Jumamosi nabatizwa, Kunduchi ufukweni, saa 12 asubuhi maji yakiwa yamejaa. Karibuni wote 🙏

Bibi: Marahaba. Wewe si umeshabatizwa?

Kadogo: Bibi, nilinyunyiziwa maji nikiwa kichanga, nalia tu. Marko 16:16, aaminiye NA kubatizwa. Imani inatangulia. Mimi niliamini nini?

Mjomba Temeke: Mwanangu, taratibu. Matendo 16, mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku uleule, yeye na watu wake wote.

Kadogo: Wote, ndiyo. Vichanga havikutajwa, Mjomba.

Mjomba Temeke: Wala havikukatazwa 😄

Kadogo: Na Warumi 6 je? Ubatizo ni kuzikwa na Kristo na kufufuka naye. Nani anazikwa kwa kiganja cha maji?

Mjomba Temeke: Kinondoni makaburini unatupia konzi moja ya mchanga unarudi nyumbani. Marehemu hajazikwa? Luther kwenye Katekisimo Ndogo, 1529, anasema maji matupu hayafanyi kitu, ni Neno lililo pamoja nayo. Sasa wewe unapima lita.

Dada Mkubwa: Jamani foleni ya Mwenge inanimaliza, mwenzenu nasoma tu 😂

Baba Doreen: Shemeji, mimi Mkatoliki nisiingilie sana. Ila dada yako alipohamia kwetu, paroko aliomba cheti chake cha Kilutheri, basi. Akapewa kipaimara. Habatizwi mtu mara mbili, Kanuni ya Imani inasema ubatizo mmoja.

Kadogo: Mimi nauita wa kwanza, shem. Ule hata siukumbuki.

Bibi: Mimi naukumbuka. Na hukulia.

Bibi: Ndicho kilichonitisha. Ulizaliwa wa miezi saba, midomo imekuwa bluu. Mama yako hajitambui, mchungaji yuko mbali. Nikachota maji kwa kikombe cha chai palepale wodini, nikakumwagia mara tatu. Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mkono unatetemeka, nusu ya maji yakaniingia kwenye kanga.

Mjomba Temeke: Ubatizo wa dharura. Mkristo yeyote anaruhusiwa. Mchungaji alikuja akauthibitisha tu kanisani.

Bibi: Hukuwa na imani, kweli. Nilikuwa nayo mimi.

Dada Mkubwa: Mbona hatujawahi kuambiwa hii 😭

*(dakika arobaini kimya)*

Kadogo: Bibi, kile kikombe kipo?

Bibi: Kipo, kimekatika mkono. Naweka vifungo.

Kadogo: Jumapili nakuja kukiona.

Baba Doreen: Na Jumamosi je?

Kadogo: Jumamosi ipo palepale shem. Nimeshamwahidi mchungaji, na moyo wangu unataka.

Mjomba Temeke: Mimi siji. Nakuombea, lakini siji.

Bibi: Baba Doreen nipitie saa 10 alfajiri. Nakuja na kanga kavu. Huyu hajui kuogelea.