Ute wa yai si taka! Nimechoka kuona ndoo nzima inamwagwa kila asubuhi

Assalaam alaykum, na kwa wengine habari za jioni. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Ramadhani iliyopita. Leo nalitoa, na atakayeona nimekasirika ajue ameona sawa.

Nimefanya kazi miaka minne katika jiko la hoteli moja ya kitalii huku mashamba, pwani ya mashariki ya Unguja. Jina silitaji, na nawaomba msilitafute. Mimi nilikuwa upande wa vitamu: keki, kastadi, aiskrimu. Kila asubuhi kabla ya saa mbili tulikuwa tunavunja mayai 60, na wageni wakijaa yanafika 90. Viini vinakwenda kwenye kastadi ile ya kuchomwa sukari juu, kwenye aiskrimu, na kwenye ile sosi nzito ya siagi wanayomwagiwa wageni juu ya mayai. Ute unakwenda kwenye ndoo chini ya meza. Ndoo ikijaa inakwenda kwenye karo. Kila siku ya Mungu.

Fanyeni hesabu na mimi. Ute wa yai moja la kuku wa kisasa una gramu 30 hivi, na yai likiwa kubwa hupita hapo. Mayai 60 ni karibu kilo mbili. Mtu ataniambia ute ni maji tu. Kweli, sehemu tisa katika kumi ni maji, lakini ile moja iliyobaki karibu yote ni protini: gramu tatu na nusu kwa kila yai, zaidi ya nusu ya protini yote ya yai zima, na mafuta hamna. Kwa mayai 60 ni gramu 210. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi kwa siku. Kwa hiyo tulikuwa tunamwaga protini ya siku nzima ya watu wanne, halafu tunasuuza ndoo na kuirudisha chini ya meza.

Na mayai yale hayakuokotwa. Yalikuwa yanavuka bahari kutoka Dar, trei juu ya trei, mengine yanafika yamepasuka. Mkubwa wetu wa stoo aliwahi kumfokea kijana mleta mayai mbele ya watu kwa sababu ya trei moja iliyovunjika njiani. Mayai 30 yalimpandisha presha. Kilo mbili za ute kwenye karo, kila siku, hakuziona hata mara moja.

Lililonichoma zaidi ni hili. Hatua kama ishirini kutoka kwenye meza yetu palikuwa na meza ya mayai ya asubuhi, pale mgeni anaposimama na kuagiza kimanda chake. Wageni wengi wanataka cha ute mtupu, wanasema wanapunguza mafuta. Sawa, haki yao. Kijana anavunja mayai, ute kwenye kikaango, viini kwenye pipa. Jamani! Jiko moja, paa moja, saa moja: huku tunatupa ute, kule wanatupa viini. Siku nilipoligundua nilisimama nikatazama kwanza, nikadhani macho yangu yananidanganya.

Nikamfuata mkuu wa jiko. Nikamwambia, "Shefu, vijana wa mayai wanatupa viini na sisi tunatupa ute. Kwa nini tusipeane?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Dada, wale ni brekifasti, nyinyi ni pestri. Kila idara ina stoo yake." Nikamwomba basi turuhusiwe kuchukua ute nyumbani kwenye madumu safi, sisi tunaotoka jioni na daladala. Akasema anayetoka na chakula getini ni mwizi. Yaani kumwaga si wizi, kumpelekea mtoto wako ndio wizi. Nimelala na jawabu lile siku nyingi.

Halafu karo likaziba. Wasichana wa kuosha vyombo walikuwa wanamwaga maji ya moto juu ya ute ili uteremke upesi, na ute ukikutana na joto la nyuzi 60 na kitu unaanza kuganda. Uligandia ndani ya bomba kama unavyogandia kwenye kikaango. Fundi akaja, akalipwa. Lawama wakatupiwa wale wasichana. Hakuna aliyeuliza ndoo ile ilikuwa inatoka wapi.

Sasa niwageukie nyinyi mnaotoa mapishi mitandaoni, maana hoteli peke yake haina dhambi yote. Unafungua pishi la kastadi: "chukua viini 6". Unafungua la mayonezi: "viini 3". Biskuti za Idi: "viini 4, na kimoja cha kupaka juu." Ute? Kimya. Hata mstari mmoja hamna. Mama wa watu amevunja mayai yake aliyonunua kwa pesa yake, amebaki na bakuli la ute mkononi, na wewe umeshapita kwenye "washa oveni". Mwezi wa Ramadhani na siku za kuelekea Idi ndio mbaya zaidi. Mitaani kwetu kila nyumba inapaka viini juu ya mikate na biskuti, na asubuhi unaona ute umemwagwa mtaroni, nzi wamejaa.

Na wachache wanaojitahidi kutaja matumizi wananakili ya wenzetu kama yalivyo. Pavlova, lile andazi la povu la ute na sukari lililookwa. Keki ya ute wa mayai 12. Vile vibiskuti vya rangi vya Kifaransa. Si vibaya, mimi vyote nimevipika kazini, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Lakini mtu wa Makunduchi, mwezi wa Aprili, masika yamekamata, hewa yenyewe imelowa: povu la ute na sukari likikauka leo, kesho linatoa jasho na kunata, kwa sababu sukari inavuta unyevu wa hewa. Anaona amekosea yeye, na gramu 200 za sukari zimepotea. Mwambieni mapema! Au mpeni pishi la kwao.

Maana la kwao lipo. Mkate wa kumimina! Bibi zetu wametia ute ndani yake tangu hatujazaliwa, na hakuna anayeutaja mtu anapouliza ute aufanyie nini. Vikombe viwili vya mchele uliolala kwenye maji, tui zito, sukari, hamira, iliki. Unasaga mpaka ulainike kabisa, usibakie chenga. Unauacha uumuke, halafu unatia ute wa yai moja au mawili na kukoroga kwa mkono mwepesi, na hapo ndipo unapomimina kwenye sufuria iliyopata moto na kupakwa mafuta. Moto mdogo chini, ukianza kukauka pembeni unaweka mkaa juu ya kifuniko. Ute ndio unaoushika mkate wa mchele usivunjike na kuuacha laini wenye matundu, maana mchele hauna ule mnato wa ngano. Mimi nikiupika bila ute naujua kwa kisu tu, unakatika vibaya.

La pili, biskuti za nazi, ni la kwangu mwenyewe na nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaokoa vitu viwili kwa mara moja. Nyumba zetu zinakamua nazi karibu kila siku, na chicha inakwenda kwa kuku au jaani. Chukua vikombe vitatu: nusu chicha, nusu nazi iliyokunwa ambayo hukuikamua, maana chicha peke yake imeshatoka mafuta na biskuti zitakuwa kavu kama vumbi la mbao. Ikaushe kidogo kwenye kikaango bila kuiunguza. Tia sukari robo tatu ya kikombe, iliki, chumvi kidogo, na ute wa mayai matatu uliopigwa kwa uma mpaka utoe povu jepesi. Finyanga vidonge, panga kwenye sinia iliyopakwa mafuta. Oveni nyuzi 160 au 170, dakika 20. Asiye na oveni, sufuria kubwa kavu yenye mchanga ndani, sinia juu yake, kifuniko, mkaa juu na chini. Zikipata rangi ya dhahabu ziache zipoe hapo hapo kabla hujazigusa. Nimeziuza skuli ya jirani na sikurudi na hata moja.

Mengine nayataja kwa haraka. Katlesi za mbatata zichovye kwenye ute mtupu badala ya yai zima kabla ya kutia mafutani, ganda linakuwa jembamba na halinywi mafuta sana. Korosho mbichi nusu kilo, ute wa yai moja uliopigwa, chumvi, pilipili ya unga, choma nyuzi 150 huku unageuza: viungo vinagandia kwenye korosho, haviishii chini ya sinia. Na supu ya mifupa isipokuwa angavu, subiri ipoe, koroga ute wa mayai mawili ndani, rudisha kwenye moto mdogo bila kukoroga tena. Ute unapanda juu na uchafu wote, unaupenyeza mchuzi kwenye kitambaa, unatoka maji maangavu.

Kimanda cha ute mtupu sikipendi. Nasema kweli, kinahitaji kitunguu, nyanya, pilipili boga na chumvi ya kutosha ndipo kiwe na maneno.

Na wale wa kupaka usoni, naomba muuache uso wangu. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonella, na mimi sioni kwa nini chakula kiishie kwenye shavu wakati kuna mtu ana njaa. Vijana wa mazoezi mnaokunywa ute mbichi glasi nzima asubuhi, nyinyi pia mnasikitisha. Ute mbichi una protini inayoitwa avidini, inaishika vitamini ya biotini na kuuzuia mwili usiipate. Ukiupika, avidini inaharibika na mwili unaifaidi protini ya ute zaidi kuliko ulipokuwa mbichi. Pikeni tu, wanangu.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi, na hapa ndipo hoteli yangu haikuwa na kisingizio hata kimoja, maana friza walikuwa nazo tatu. Ute kwenye friji, chombo safi kilichofunikwa, siku mbili mpaka nne. Kwenye friza unakaa mwaka mzima na haubadiliki. Viini vyenyewe havistahimili baridi namna hiyo, vinakuwa kama gundi usipovitia chumvi au sukari, lakini ute hauna tabu. Mimina kwenye vile vitrei vya barafu, ukiganda hamishia kwenye mfuko na uandike tarehe na idadi. Umesahau idadi, pima: vijiko viwili vikubwa ni ute wa yai moja, au gramu 30 kwa mizani. Wa kupika kesho utoe leo usiku uyeyukie ndani ya friji. Ukiyeyuka unapiga povu vizuri kama wa leo, ili mradi bakuli na mchapo wa kupigia mayai visiwe na mafuta wala tone la kiini. Mafuta kidogo tu na povu halisimami. Bakuli la plastiki halifai, mafuta yanajificha kwenye mikwaruzo yake. Matone machache ya ndimu yanalishikilia povu.

Shefu mmoja aliyetufundisha chuoni alitueleza habari za Ureno, na sijaisahau. Inasimuliwa kwamba kule watawa walikuwa wanatumia ute kutia wanga nguo zao, na wengine kusafishia mvinyo, wakabakiwa na viini kwa mamia. Hawakuvimwaga. Wakavitengenezea vitamu vya viini na sukari, na leo nchi nzima inajulikana kwa vitamu hivyo. Wao walibakiwa na nusu ile, sisi tunabakiwa na hii.

Kwa hiyo nataka mambo mawili, na nayataka kwa dhati. Unayeandika pishi la viini, andika chini yake ute ukafanyiwe nini, hata maneno matano: "ute weka friza, mkate wa kumimina." Na nyinyi wakuu wa majiko ya mahoteli, wekeni chombo kimoja cha ute na kimoja cha viini katikati ya idara zenu, chenye tarehe, kila mtu achote. Kinachobaki jioni wapikieni wafanyakazi, badala ya kumsubiri mtu getini na kumpekua mkoba.

Nimeongeza baadaye: kuna aliyenitumia ujumbe kuuliza kama ute ulioyeyuka unaweza kurudishwa friza. Ukiwa mbichi, hapana, usirudishe. Upike kwanza siku hiyo hiyo. Na hapa mimi mwenyewe naomba msaada, kwa sababu huku kwetu umeme ukikatika usiku kucha nakuta mfuko wangu wote wa vipande 40 umeyeyuka, na siwezi kupika mikate ishirini asubuhi moja. Wenye biashara ya aiskrimu au samaki, nyinyi mnaweka nini ndani ya friza ili ubaridi udumu? Chupa za maji ya chumvi zilizoganda zinatosha, au kuna njia nzuri zaidi?