Uzi wa waliomaliza Gradius na magemu mengine magumu ya ndege za anga za juu, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Juzi usiku nimemaliza Gradius, ile ya kampuni ya Konami iliyoingia kwenye mashine za nyumbani mwaka 1986, wengi tuliikuta kwenye zile kaseti za njano zenye magemu kibao, na nimeimaliza bila kodi ya chiti (ile mibonyezo ya siri ya kupata silaha kwa mkupuo), yani roho zile zile tatu za kuanzia na za kuongezwa kwa pointi basi. Nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Kwa ambao hawaijui, unaendesha ndege inaitwa Vic Viper, ukiua baadhi ya maadui wanaacha kidonge chekundu, kila kidonge kinasogeza taa kwenye ule mstari wa chini: spidi, kombora, dabo, leza, opsheni (viduara vinavyokufuata na kupiga pamoja na wewe), mwisho ile alama ya kuuliza ambayo ndo ngao. Unachukua pale unapotaka wewe. Ukiwa na leza na zile opsheni mbili unajiona mfalme, screen nzima ni yako. Shida inakuja ukifa, maana unarudishwa nyuma halafu unanyang'anywa kila kitu, unabaki na kibunduki kimoja na ndege inayotembea kama konokono, mahali ambapo sekunde chache zilizopita ulikuwa unahangaika na silaha zote. Hapo ndo wengi tulikuwa tunazima TV.

Mimi kilichonitoa ni kuacha kabisa kufanya mazoezi ya kutokufa. Nikawa nafanya mazoezi ya kurudi baada ya kufa. Chukua steji ya tatu, ya yale masanamu ya vichwa vya Kisiwa cha Pasaka yanayotema pete mdomoni. Ukirudi pale mtupu, kidonge cha kwanza usikiwekee akiba hata kidogo, chukua spidi hapo hapo, cha pili na kuendelea utajua, lakini bila spidi zile pete hazikwepeki. Halafu sanamu linakufa ukilipiga mdomoni likiwa limefungua mdomo, kwahiyo unalisubiri, hulikimbilii. Ukishapata opsheni kumbuka zinafuata njia uliyopita na ukisimama na zenyewe zinasimama, so panda juu, shuka kidogo, tulia: moja inabaki juu inakupigia masanamu ya juu wewe unashughulika na ya chini. Hii kitu nilipoielewa gemu ilibadilika kabisa.

Mwisho kabisa kuna ubongo mkubwa na haurushi hata risasi moja. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha gemu inakurudisha steji ya kwanza, ngumu zaidi.

Nyie je? Leteni stori zenu.

Mdau wa Mombasa: Hongera sana bro. Yangu ni Salamander, wengine mnaijua kama Life Force, na niliimaliza na dada yangu mkubwa maana ile mnacheza wawili kwa pamoja, steji moja mnaenda mbele nyingine mnapanda juu. Huyo dada ndiye alikuwa fundi kwetu, mimi nilikuwa wa kumfuata tu. Alikuwa amenipangia, akifa opsheni zake zinabaki zinaelea na mimi nizidake haraka kabla hazijapotea, nikifa mimi azidake yeye, tukawa hatuanzi na mikono mitupu wote wawili. Mwisho kuna lile jicho, mkilipasua mnadhani imeisha kumbe lazima mtoroke kwa kasi ya ajabu na njia inajaa vizuizi. Dada aligonga, nikabaki peke yangu, akanishika bega ananiambia juu, chini, juu, nikatoka. Siku hizi yuko mbali kikazi lakini tukiongea kwa simu hiyo stori haikosi.

Mdau wa Tanga: Galaga haina mwisho lakini mimi lengo langu lilikuwa kuua wote 40 kwenye raundi ya bonasi, wale wanaopita bila kurusha risasi, ukiwamaliza unapewa pointi 10,000. Siri ni ndege mbili. Unamwacha yule bosi akunase na ule mwanga wake, hakikisha una ndege nyingine ya akiba, halafu unamsubiri ashuke kushambulia ndo unampiga yeye, ndege yako inarudi mnaungana. Ukiwa na papara ukaipiga ndege yako mwenyewe imeenda hiyo. Zikiungana unarusha risasi nne badala ya mbili, ila na wewe umekuwa mpana, unagongwa kirahisi. Siku nilipopata wale 40 nilimwita mama jikoni aje aone, akaja kweli.

Mdau wa Muscat: Salamu kutoka huku. Mimi R-Type ya kampuni ya Irem, ya 1987. Lile tufe lako, Force, unaweza kulibandika mbele au nyuma na halifi, risasi ndogo linazizuia. Steji ya tatu nzima ni meli moja ya vita, kubwa haiingii kwenye screen, unaizunguka unaing'oa kipande kipande. Niliipita siku nilipozoea kulihamisha tufe nyuma mapema, kabla ya kuhitaji. R-Type ukisubiri mpaka uone hatari ushachelewa.

Mdau wa Mbeya: Mkuu kwani kutumia ile kodi ni kosa? Mi ndo niliyomalizia.

Mwanzisha uzi: Sio kosa hata kidogo mkuu. Ile juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A iliwekwa na Kazuhisa Hashimoto, ndiye alikuwa anaihamisha Gradius kwenda mashine ya nyumbani, gemu ikamshinda kuijaribu, akajiwekea njia ya kupata silaha kwa mkupuo na ikabaki humo. Kafariki Februari 2020. Kama aliyeitengeneza ilimshinda, wewe furahia ushindi wako kwa amani.

Mdau wa Kigoma: Nafia kwenye zile volkano mwisho wa steji ya kwanza ya Gradius, kila siku.

Mwanzisha uzi: Usikae katikati ya milima. Rudi nyuma kushoto, yale mawe yanapigika, piga yanayokujia tu, mengine yaache yaanguke. Yakiisha anakuja bosi anaitwa Big Core, anatoa leza nne kwa pamoja, zikipita ingia usawa wa katikati yake upige vile vizuizi mpaka ufike kwenye kiini. Jaribu leo halafu ulete mrejesho hapa.